Gari la Babu na Gari Letu: Kuipima Hoja ya Chuma



Katika ukoo wetu kuna hoja moja isiyozeeka. Kila wanapokutana wazee, iwe Maskati, Dubai au Portsmouth, mazungumzo yakifika kwenye magari hatakosa mmoja wa kusema: "Magari ya zamani yalikuwa chuma, haya ya leo makopo matupu." Wengine huitikia, na hoja hufungwa hapo kama kwamba imekwisha thibitishwa. Vijana hucheka kidogo kwa adabu, kisha huwasha makopo yao wakawarudisha wazee nyumbani salama.

Nimeona mwaka huu hoja hiyo ipimwe sawasawa, kwa sababu imetoka kwenye maneno na kuingia kwenye vitendo. Ndugu yangu anayeishi Uingereza amenunua Morris Minor 1000, ya aina ile ile aliyokuwa nayo babu yetu Unguja. Ameihangaikia miaka mitatu mpaka ikang'ara. Sasa anataka, likizo ya skuli itakapofika, ampakie mama yetu pamoja na wajukuu watatu, mdogo wao akiwa na miaka miwili, awachukue kutoka London hadi kwa jamaa zetu Portsmouth. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 100, na sehemu kubwa yake ni barabara ya magari yaendayo kasi. Wazee wameliunga mkono jambo hilo wote. Mimi nimeombwa nitoe kauli yangu, nami nimechagua kuitoa kwa maandishi, kwa kuyaweka magari mawili ubavu kwa ubavu: Morris ya babu, na Toyota Camry ya mwaka 2019 tunayoiendesha hapa Maskati.

Nasaba ya Morris

Morris Minor ilidhihirishwa kwa umma mwaka 1948, katika maonesho ya magari ya Earls Court mjini London. Aliyeibuni ni Alec Issigonis, na habari zake zinatuhusu kuliko tunavyodhani. Alizaliwa mwaka 1906 katika mji wa Smyrna, ambao leo ni Izmir nchini Uturuki. Mwaka 1922, vita vilipoufikia mji huo, familia yake ilihamishwa na Waingereza hadi Malta, ikiacha nyuma karakana na maisha yake yote. Baba yake akafariki muda mfupi baadaye, na kijana akaingia Uingereza pamoja na mama yake mwaka 1923. Kwa hiyo gari lile ambalo wazee wetu huliita "la Kiingereza khasa" lilibuniwa na mtu aliyefika Uingereza kwa kukimbia vita, kama walivyofika baadhi ya jamaa zetu miaka 40 na ushei baada yake.

Mwenye kampuni, William Morris, aliyekuwa amekwisha pewa cheo cha Lord Nuffield, hakulipenda umbo lake. Alilifananisha na yai lililopikwa majini bila ganda. Issigonis naye hakuridhika upesi. Gari la majaribio lilipokuwa tayari aliliona jembamba mno. Likakatwa katikati kwa urefu wake, vipande viwili vikasogezwa mbalimbali mpaka macho yake yakatua, na pengo likawa inchi 4. Ndiyo maana boneti ya Morris ina utepe bapa katikati. Na kwa kuwa bampa zilikuwa zimekwisha tengenezwa kwa kipimo cha awali, zile za kwanza zilikatwa zikaungwa kwa kipande katikati. Baada ya hapo likawa gari la kwanza la Kiingereza kupita idadi ya milioni moja, na hadi utengenezaji wake ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1970 yalikuwa yamefika kiasi cha milioni 1.6.

Ya babu ilikuwa ya mwaka 1958, rangi ya kijivu, injini ya sentimita za ujazo 948, nguvu za farasi 37. Zanzibar wakati ule ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, na magari ya Kiingereza ndiyo yaliyokuja na meli. Babu alikaa Malindi na shamba lake la karafuu lilikuwa upande wa Kizimbani. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe gari halipiti, hivyo Morris ililala nje ya vichochoro, na babu aliifuata kwa miguu kila alfajiri.

Elimu ya babu

Marehemu baba yetu alinihadithia mara nyingi jinsi gari lile lilivyowashwa, nami nayaandika ili yasipotee.

Kwanza babu alivuta choki, kisha akageuza ufunguo na kunyamaza. Alikuwa akisikiliza pampu ya petroli, iliyokaa chini ya boneti na kulia tik-tik-tik mpaka kabureta ijae. Ikikaa kimya, alifungua boneti na kuigonga polepole kwa mpini wa bisibisi, nayo ikaamka. Betri ikiwa dhaifu, kulikuwa na mpini wa chuma uliotiwa mbele ya gari na kuzungushwa kwa mkono. Watoto walifundishwa kuushika huku kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu injini ikirudisha teke huvunja gumba la mtu.

Kugeuka kulia au kushoto hakukuonyeshwa kwa taa. Ubavuni mwa gari, baina ya milango na madirisha ya nyuma, ulichomoza mkono mdogo wa rangi ya chungwa, mfano wa bawa la kifaranga. Wakati mwingine ulikwama, na mtoto aliyekaa nyuma akaagizwa apige ngumi ukutani ili utoke. Taa za kumwekamweka zilikuja katika Morris mwaka 1961.

Kisha kulikuwa na grisi. Viungo vya magurudumu ya mbele vilihitaji kutiwa grisi kila baada ya muda mfupi wa safari. Mwenye gari akiacha, kiungo hulika kwa siri mpaka siku moja gurudumu hulala ubavu njiani. Babu aliweka daftari. Kila alipotia grisi aliandika tarehe kwa hati ya Kiarabu, juu ya ukurasa ule ule aliohesabia pishi za karafuu. Kwake, gari na shamba vilikuwa na sheria moja: ukikihudumia kitu kitakuhudumia.

Hapa ndipo nguvu ya hoja ya wazee ilipo, na sitaki kuidharau. Gari lile lilimwachia mtu nafasi ya kulijua. Babu hakusoma uhandisi, lakini hapakuwa na sehemu ya gari lake asiyoweza kuieleza kazi yake. Fundi aliyekaa Darajani alikuwa na spana, bisibisi, nyundo na masikio mazuri, na vilimtosha.

Usukani

Kiswahili chetu kiliwahi mapema kuliingiza gari ndani ya chombo cha bahari. Gurudumu la kuongozea tunaliita usukani, na usukani asili yake ni ule ubao wa tezi unaoongoza jahazi. Waarabu wa Ghuba nao, walipopata magari, wakalichukua neno lile lile la mabaharia, sukkan. Watu wa pwani mbili za bahari moja waliona kitu kipya wakakipa jina walilokuwa nalo.

Baada ya Januari 1964, Morris ya babu ilibaki Unguja, na sisi tukaondoka. Sitayarudia ya safari ile; nimekwisha yaandika mahali pengine. Itoshe kusema kwamba familia ilipitia Mombasa na Dubai, na haikufika Oman ila mwaka 1974, baada ya Sultani Qaboos kushika utawala tarehe 23 Julai 1970 na kuwaita Waomani wa nje warudi kuijenga nchi. Oman waliyoikuta ilikuwa ndiyo kwanza inatandikwa lami. Mwaka 1970 nchi nzima ilikuwa na barabara ya lami ya kiasi cha kilomita 10 tu. Babu, aliyetoka kisiwa kilichokuwa na barabara nzuri kuvuka mashamba, alianza upya katika nchi ambayo gari la kwenda bara lilikuwa ni Land Rover au lori la Bedford, likifuata wadi kama ngamia. Na hata upande wa kuendesha ulibadilika: Unguja watu hupita kushoto, Oman hupita kulia. Baba alisema babu hakuendesha tena gari mpaka alipofariki.

Nasaba ya Camry

Barabara zilipoenea, magari ya Kijapani yalienea nazo. Yalihimili joto, vipuri vilipatikana, na kiyoyozi kilifanya kazi. Camry, ambayo jina lake limetokana na neno la Kijapani lenye maana ya taji, ilikuja kwa umbo tunalolijua mwaka 1982, ikiwa na injini iliyolazwa kwa upana na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta.

Wapenzi wa nasaba watafurahi hapa. Mpangilio huo wa injini kulazwa kwa upana na magurudumu ya mbele kuvuta ulipata umaarufu wake duniani kupitia gari dogo la Mini la mwaka 1959, na aliyelibuni Mini ni yule yule Alec Issigonis. Yeye aliiweka gia chini ya injini. Mwaka 1964 Mtaliano Dante Giacosa akaiweka gia ubavuni mwa injini, katika gari la Autobianchi Primula, na huo ndio mpangilio unaofuatwa na magari madogo mengi hadi leo, Camry ikiwa mojawapo. Kwa hiyo yale tunayoyapambanisha barazani yana babu mmoja.

Tazameni sasa vipimo. Morris ina urefu wa mita 3.76 na upana wa mita 1.55, Camry yetu ina mita 4.88 kwa mita 1.84. Morris ina uzito usiofika kilo 800. Camry inapita kilo 1,500. Morris ina farasi 37; Camry ina zaidi ya 200. Basi kwa gari lenye uzito maradufu na nguvu mara tano, mtu angetarajia petroli iteketee kwa kiasi hicho hicho. Haiwi hivyo. Yote mawili, katika safari ya kawaida, hunywa kiasi cha lita 7 hadi 8 kwa kilomita 100. Tofauti imo katika jinsi petroli inavyochomwa: kabureta ilikisia, ilhali kompyuta ya leo hupima hewa na kugawa mafuta upya mara nyingi kwa kila sekunde.

Na petroli yenyewe si ile. Ya zama za babu ilitiwa madini ya risasi ili injini isigonge, na moshi wake uliingia vifuani mwa watoto waliocheza kando ya barabara. Madhara yake kwa akili za watoto yamethibitishwa. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha petroli hiyo kufikia mwaka 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani kuiacha, mwaka 2021.

Habari ya ami

Nimefika mahali ambapo hoja ya chuma hukwama, na wakubwa wangu wanisamehe kwa kulisema hadharani.

Babu alikuwa na mtoto wa kiume aliyemfuata baba yetu. Ndiye ami ambaye picha yake imetundikwa ukumbini kwetu, mwenye kanzu na kofia ya viua, umri miaka 22. Mwaka 1962 aliazima gari la rafiki yake, la aina nyingine, kubwa na zito kuliko Morris, akaenda nalo shamba baada ya mvua. Akirudi aliteleza akagonga mwembe. Hakuwa akienda kasi. Waliokuwapo walisema hivyo na hakuna aliyewahi kulikanusha. Gari halikuharibika ila taa moja, bampa na sehemu ya boneti. Likanyooshwa, na baada ya wiki tatu likarudi barabarani. Ami alipigwa kifuani na nguzo ya usukani. Aliishi siku mbili.

Wazee wakisimulia habari hiyo, humalizia kwa kusema: "Lakini gari lile! Halikuwa na kitu." Wamelifanya ushahidi wa ubora wa chuma. Bibi yetu, mama yake ami, hakuwahi kulitamka neno hilo. Kila liliposemwa alinyanyuka kwenda kutazama chai jikoni.

Nawaomba tulitafakari kwa hesabu. Mgongano una nguvu zake, na lazima ziishie mahali. Gari likigonga mti na pua yake ikanyweka kwa sentimita 60, aliyemo ndani, akiwa amefungwa mkanda, naye husimama kwa masafa ya karibu hivyo. Gari lisiponyweka ila sentimita 10, kusimama huko kunakuwa kwa ghafla mara sita, na nguvu inayomkuta mtu ni mara sita. Chuma kisichokubali kuvunjika hakiondoi nguvu hiyo. Huipitisha kwa kilicho laini kuliko chenyewe, nacho ni mwili wa binadamu. Gari likipona kabisa, kuna kitu kingine kilicholipa.

Si kosa la kiwanda kimoja. Karibu magari yote ya zama zile yalikuwa hivyo, na elimu ilikuwa ndiyo kwanza inakuja. Béla Barényi wa Mercedes-Benz aliisajili mwanzoni mwa miaka ya 1950 rai ya gari ambalo mbele na nyuma hukubali kubonyea ili chumba cha watu kibaki kizima. Nils Bohlin wa Volvo alitoa mwaka 1959 mkanda wa usalama unaofunga bega na kiuno, na kampuni yake ikawaruhusu watengenezaji wengine wautumie. Nguzo za usukani zinazojikunja zikaenea mwishoni mwa miaka ya 1960. Breki zisizofunga magurudumu zikaingia katika magari ya abiria kwa mfumo wa kielektroniki. Kisha mifuko ya hewa. Kila moja kati ya hivi imo katika "kopo" letu. Ami alifariki miaka mitatu baada ya mkanda wa Bohlin, na mkanda ule ulikuwa haujafika kwetu.

Kilichopotea

Sisemi kwamba hatukupoteza kitu. Nikifungua boneti ya Camry naona kifuniko cheusi cha plastiki, na chini yake mambo ambayo siwezi kumweleza mwanangu kama baba alivyonieleza ya Morris. Taa ya onyo ikiwaka kwenye gari la kisasa, fundi hasikilizi injini. Huchomeka chombo chake na kusoma namba. Fundi mwenyewe wakati mwingine hajui sehemu ile inafanyaje kazi, anajua tu kwamba inabadilishwa. Elimu iliyokuwa mikononi mwa babu na fundi wa Darajani imehamia mbali, kwa watu tusiowajua majina. Hilo ni hasara, na kijana anayecheka barazani anapaswa kulijua.

Lakini nadhani wazee wanaposema "chuma" aghalabu hawazungumzii gari. Wanazungumzia alfajiri za Malindi, harufu ya karafuu katika viti vya nyuma, na heshima ya mtu aliyeijua kazi yake na kujulikana njia nzima hadi Kizimbani. Vitu hivyo vilikuwa imara kwelikweli, navyo havikuletwa na kiwanda cha Oxford. Tunaweza kuvihifadhi bila kumpakia mtoto wa miaka miwili katika gari lisilo na mkanda.

Kauli yangu

Kwa hiyo, ndugu yangu, kauli yangu ni hii. Morris umeitengeneza vizuri, na ukoo mzima una deni la shukrani kwako. Sheria ya Uingereza yenyewe hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 3 kupandishwa gari lisilo na mikanda, na walio juu ya hapo hukaa nyuma tu. Lakini hata kama sheria ingenyamaza, ukumbini kwetu kuna picha isiyonyamaza. Portsmouth tutakwenda sote kwa gari la kisasa, watoto katika viti vyao.

Mama tutampandisha Morris mtaani kwako, asubuhi, kabla magari hayajawa mengi, mwendo wa taratibu, akae mbele. Mtafutie fundi wa kutia mikanda kabla ya siku hiyo. Vijana wakusanyike wasikie pampu ikilia, washike mpini kwa vidole vyote upande mmoja, na waandike katika daftari tarehe ya kutia grisi. Hiyo ndiyo elimu ya babu, na haihitaji barabara kuu.

Nanyi wazee, nawaomba jambo moja. Siku hiyo mtakapoisifu Morris, msifuni na ami kwa jina lake, na mumweleze kila mjukuu alikuwa mtu wa namna gani. Mwenye kumbukumbu ya sauti yake, masomo yake au mzaha wake aniandikie. Habari za gari alilogonganalo tunazo za kutosha. Zake yeye ni chache mno.

Wassalaam.